Rundo la Makaa Lililokosa Mnunuzi

Kila alfajiri, kabla king'ora cha mgodi hakijalia, Bwana Mkanda alikuwa ameshafunga kamba za buti zake. Jina hilo alipewa kazini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa mkanda mrefu unaopandisha makaa ya mawe kutoka chini ya ardhi. Mkanda ukikatika, anaitwa yeye. Mota ikigoma, anaitwa yeye.

Siku moja kampuni ilibandika tangazo langoni. Wanunuzi wa makaa walikuwa wanahamia kwenye umeme wa jua na upepo. Baada ya miaka miwili mgodi utafungwa, na kampuni itajenga kituo cha umeme wa jua kwenye ardhi yake. Anayetaka mafunzo ya kazi hiyo ajiandikishe, na mwisho ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao.

"Janja yao hiyo," Bwana Mkanda alisema nyumbani. "Ukitia saini tu, umejifukuza kazi mwenyewe."

"Umeuliza?" mkewe alisema huku akikamua nguo.

"Niulize nini? Tumeshaamua na wenzangu kazini. Tunachimba mara mbili. Uwanja ukijaa makaa, watafungaje mgodi?"

Wakachimba kweli. Mapumziko waliyakata nusu, na chai wakanywa wamesimama. Nawaonea huruma, maana walijituma kwa moyo wote. Rundo likapanda mpaka likapita paa la ofisi.

Alhamisi jioni, siku moja kabla ya mwisho wa kujiandikisha, jirani wa Bwana Mkanda alipiga hodi kwake. Alikuwa mpimaji wa uzito wa malori langoni mwa mgodi, na watu walimwita Mama Mizani.

"Shemeji, njoo uone rundo lenu."

"Nimelijaza mwenyewe, nikaone nini tena?"

"Linafuka moshi."

Walikwenda mbio. Wazima moto walikuwa tayari wanalimwagia maji.

"Nani kaliwasha?" Bwana Mkanda aliuliza kwa hasira.

"Hakuna mtu," Mama Mizani alijibu. "Makaa mengi yakikaa yamerundikwa, yanapata joto yenyewe kwa ndani, na mwisho yanawaka. Zamani hayakukaa. Mwaka juzi nilipima malori sitini kwa siku. Leo nimepima tisa."

Bwana Mkanda alikaa chini. "Kwa hiyo jasho letu lote limekwenda bure?"

"Nyinyi si wavivu, shemeji. Wanunuzi ndio wamepungua. Mitambo ya jua ikishafungwa, haihitaji kununuliwa makaa ya kuchoma kila siku. Kampuni kama yetu ibadilike, au ife na sisi ndani yake."

"Na tukidanganywa?"

"Ndiyo maana unasoma fomu kwanza. Chama cha wafanyakazi kimedai ahadi kwa maandishi. Mshahara unaendelea wakati wa mafunzo. Miaka yako ya kazi haifutwi. Na mashimo, kampuni iyafukie yenyewe."

"Lakini mimi najua makaa tu."

Mama Mizani alicheka. "Makaa gani? Umewahi kuchimba hata ndoo moja? Wewe kazi yako ni mota, nyaya na swichi. Huko kwenye jua kuna nini kingine?"

Ijumaa asubuhi alisoma fomu mara mbili, mkewe akichungulia begani kwake. Aliuliza maswali manne ofisini, akajibiwa, ndipo akatia saini.

Mafunzo hayakuwa mchezo. Hesabu zilimuumiza kichwa, na wiki ya kwanza alisinzia darasani. Nisiwafiche, kituo cha jua kilihitaji watu wachache kuliko mgodi. Wengine walipata kazi ya kufukia mashimo, na wengine walichukua vyeti vyao wakaajiriwa kwingine. Waliokataa hata kuuliza ndio walioteseka zaidi. Bwana Mkanda alipata nafasi ya fundi kituoni.

Mwezi wake wa tatu katika kazi hiyo, alirudi nyumbani akaketi bila hata kuvua buti. Mkewe alishtuka.

"Vipi, wamekufukuza?"

"Hapana. Wamekuja wahandisi vijana, wana shahada zao. Mkuu kaniambia niwaonyeshe namna ya kuzima mota ya kugeuza paneli za jua na kuifunga kwa kufuli kabla ya kuigusa. Nikawaonyesha." Alimtazama mkewe. "Walikuwa wanaandika, mke wangu. Kila neno nililosema, waliliandika."

Mkewe alifuta macho kwa upande wa kanga, kisha akamsogezea maji.

"Haya, mwalimu. Nawa mikono ule."