Panya wa Nyuma ya Ghala

Kila Jumamosi asubuhi, mama alipomaliza kukamua, Dominika alibeba dumu la maziwa kutoka Uru hadi mjini Moshi, nyumbani kwa Mama Bharat, nyuma ya duka la vitambaa. Mkono mmoja ulishika dumu. Mwingine ulishika kifurushi cha jani la mgomba, na ndani ya jani alikuwamo panya aliyekufa.

Panya huyo alikuwa chakula cha Kamba, nyoka mdogo wa kahawia asiye na sumu, ambaye Bharat alimfuga katika sanduku lenye wavu. Bharat na Dominika walisoma darasa moja. Zamani Bharat alimlisha Kamba panya hai, lakini siku moja ya baridi nyoka hakuwa na hamu ya kula, na panya akamng'ata mgongoni. Kovu lake lilionekana bado. Tangu hapo Kamba alipewa panya waliokwisha kufa tu. Tatizo lilikuwa Mama Bharat. Yeye alikuwa Mhindu aliyeshika dini yake. Hakula nyama, wala hakuruhusu kiumbe chochote kiuawe uani kwake. Ndiyo maana panya walitoka Uru, kwenye mtego ambao Dominika aliutega darini, penye mahindi. Bharat alitoa sharti moja: lazima awe panya wa mtego. Aliyeokotwa asiletwe, maana hajulikani amekufa kwa nini.

Jumamosi mbili mfululizo mtego ulikuwa mtupu. Shuleni Bharat alimtania mbele ya wenzao, akasema panya wa Uru wana akili kuliko Dominika, afadhali wao waletwe darasani na yeye abaki darini. Dominika alicheka pamoja nao, lakini maneno yale yalimchoma. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata, mtego ulipokuwa mtupu tena, alitoka na moyo mzito. Alipopita nyuma ya ghala la kahawa la kijiji, aliona panya mnene amelala kwenye majani, bado laini. Aliangalia huku na huku. Akachana jani la mgomba, akamfunga.

"Huyu ni wa mtego?" Bharat aliuliza alipompokea.

"Wa mtego," Dominika alijibu, akageuka haraka kumimina maziwa.

Saa za mchana, nyumbani, alikuwa akimsaidia mama kumenya ndizi. Mama alimwambia awazuie kuku wasivuke kihamba, shamba lao la migomba, kwenda upande wa ghala, kwa sababu mtunza ghala alikuwa ametega sumu. Panya walikuwa wanatoboa magunia ya kahawa.

Dominika aliacha kumenya. Alikwenda kumkatia ng'ombe majani, akafika shambani, akagundua hana panga. Alirudi, akaketi, akasimama tena. Alijiambia kwamba huenda Kamba hana njaa. Kisha akamwona akilini mwake akimmeza yule panya polepole, kuanzia kichwani.

"Mama, naomba nirudi mjini. Nimesahau."

"Umesahau nini?"

"Kusema kitu."

Mama alitazama jua. Akamwambia aende, ila asisubiri giza limkute njiani.

Alishuka mbio, akiteleza kwenye udongo mwekundu, na alipofika mjini miguu yake ilikuwa imejaa tope. Bharat alikuwa uani. Dominika hakusalimu, alipiga magoti mbele ya sanduku. Kamba alikuwa amejikunja pembeni, mzima, macho yake meupe. Bharat alieleza kwamba nyoka akikaribia kuvua ngozi macho huwa hivyo, na hali kitu mpaka amalize. Alikuwa hata hajamgusa panya.

Dominika alivuta pumzi ndefu. Kamba alikuwa salama. Hakuna aliyejua lolote, na angeweza kuaga na kuondoka. Ila aliuliza, "Panya yuko wapi sasa?"

"Nimempelekea paka wa Mama Gulnar, hapo jirani. Ananyonyesha, ana njaa kama nini."

Dominika aligeukia ukuta. Akisema, Bharat hatamwamini tena. Na Mama Bharat je? Aliyedanganya kuhusu panya, nani ataamini maziwa yake? Upande wa pili wa ukuta alisikia watoto wa paka wakilia.

"Bharat, yule si wa mtego. Nilimwokota nyuma ya ghala. Wametega sumu."

Bharat alimkodolea macho, kisha akaruka ukuta. Dominika alizunguka kwa mlangoni. Paka alikuwa amemkokota panya hadi chini ya ngazi ya jikoni, na watoto wake walikuwa wakimpiga kwa miguu yao ya mbele, wakicheza. Mama Gulnar, akisikia neno sumu, alimnyanyua paka kwa shingo. Bharat alimshika panya mkia, akamgeuza. Ngozi ilikuwa haijatoboka. Walichimba shimo refu, wakamfukia, wakanawa mikono kwa sabuni, wakarudi uani kwa kina Bharat.

"Ungemuua Kamba," Bharat alisema. "Nilikuuliza waziwazi, ukanidanganya."

"Mtego ulikuwa mtupu tena, nikaona aibu," Dominika alisema. Machozi yalimtoka. Mama Bharat, aliyekuwa amesimama mlangoni pake muda wote na kusikia yote, alimletea kikombe cha maji, akamkalisha kwenye kiti kidogo.

"Dominika, mwanangu, mimi napokea maziwa yenu bila kuyaonja," alisema. "Bharat naye alipokea panya bila kumkagua. Mtu anayekuamini haangalii mara mbili, kwa hiyo ukimdanganya, hana namna ya kujikinga. Asubuhi uliona aibu ya kuja mikono mitupu. Aibu hiyo ingepita kesho. Paka akifa hafufuki. Lakini ulipoona nyoka ni mzima, ungeweza kunyamaza, na hukunyamaza. Hilo nimeliona. Siku nyingine mtego ukiwa mtupu, sema ni mtupu."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Mwombe Bharat."

Alimwomba. Bharat aliinamisha kichwa, akaparuza udongo kwa kidole cha mguu. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na mama yake akamwambia amsindikize Dominika hadi inapoishia lami. Walitembea mpaka wakakaribia kuachana.

"Bado nina hasira," Bharat alisema.

"Najua."

Lakini hakurudi pale lami ilipoishia. Alimsindikiza hadi kwenye mwinuko wa kwanza, ndipo akageuka.