Karatasi Katika Koti la Gatien

Siku hizi watu wanamwita Jenerali Bourdeau. Wanasimama wima akipita. Mimi ni dada yake mkubwa, Toinette, na kamasi zake nilizifuta kwa aproni hii hii! Basi nisikilizeni mimi. Alipokuwa na miaka ishirini na tatu, Gatien hakujua hata herufi moja.

Baba yetu ni mwoka mikate. Gatien alikulia kwenye tanuri, akikanda unga. Mapinduzi yalipotokea na vita vikaanza, akaenda jeshini. Alikuwa shujaa, akawa sajini. Kisha akarudi nyumbani na jeraha la risasi pajani, akitembelea mkongojo.

Siku moja ikaja barua. Aliyeileta akatusomea. Siku zile askari walijichagulia maofisa, na wenzake walikuwa wamemchagua Gatien awe luteni. Nikaruka kwa furaha! Lakini kulikuwa na sheria mpya: asiyejua kusoma na kuandika hapandi cheo. Gatien angepimwa baada ya wiki sita.

"Mimi ni mtu wa kupigana, si wa kuchorachora!" Gatien akafoka.

"Nenda kwa Mama Skolastika," nikamwambia.

Mama Skolastika alikuwa jirani yetu. Zamani alikuwa mtawa. Serikali ya mapinduzi ilipofunga nyumba ya watawa na kuwafukuza, akawa dobi.

"Yule? Siku walipomfukuza nilimcheka. Leo nimwendee kwa uso gani?"

"Kwa uso huo huo uliomchekea."

Akaenda. Jioni hiyo mama yule akaja kwetu, mikono ikinuka sabuni. Akamwaga unga kidogo juu ya meza, achore herufi kwa kidole.

Baba akapiga kelele. "Unga! Watu wanapanga foleni ya mkate tangu alfajiri, ninyi mnauchezea? Chukueni majivu!"

Tukachukua majivu ya tanuri.

"Usikariri neno zima," Mama Skolastika alimwambia Gatien. "Kila herufi ina sauti. Itamke. Iunganishe na ya pili. Sasa sikiliza umesema nini."

Wiki ya tatu, Gatien akatoa karatasi ndani ya koti lake. Ilikuwa na doa la damu.

"Nisomee hii, mama. Tulikuwa tunataka kuvuka mto. Mjumbe akanipa, akaondoka mbio na farasi wake. Niliona aibu kusema sijui kusoma. Nikaitia mfukoni, tukavuka. Rafiki yangu Blaise akafa palepale." Akamsogezea karatasi. "Labda imeandikwa tusivuke. Labda nimemuua mimi."

Mama Skolastika akairudisha. "Utaisoma mwenyewe."

"Una roho mbaya, wewe!"

"Nikikusomea hii, nyingine utasomewa na nani?"

Alikasirika, lakini kesho yake alikuwa wa kwanza mezani. Wiki ya sita akaifungua ile karatasi. Akafuata herufi kwa kidole.

"Vi... a... tu. Viatu. Viatu vi-pya vi-me-fi-ka. Tuma watu kumi."

Gatien akacheka, kisha akalia kama mtoto.

"Miezi mitatu najiita muuaji! Kumbe viatu!"

"Basi, mwanangu, yamekwisha," Baba akasema.

"Hayajaisha, Baba. Siku nyingine haitakuwa viatu."

Alipimwa, akafaulu, akawa luteni. Akapanda cheo baada ya cheo, na alipofika miaka thelathini na moja akawa jenerali. Katika kikosi chake kila koplo hujifunza kusoma. Wanaandika kwenye majivu ya mioto yao ya kupikia.

Lakini barua yake ya kwanza hakutuandikia sisi. Alimwandikia mama yake Blaise, akamweleza jinsi mwanawe alivyokufa. Mama yule hakujua kusoma. Aliposikia imetoka kwa Gatien, alitembea siku mbili mpaka kwetu, barua kifuani.

"Nani atanisomea?" akauliza.

Nikafuta mikono yangu yenye unga. Jioni zile zote nilikuwa nimekaa karibu na majivu yale.

"Kaa, mama," nikamwambia. "Nitakusomea mimi."