Skuta ya Marehemu Pompilio

Plagi ya skuta ilikuwa ya moto. Oronzo aliiangusha sakafuni, akavipuliza vidole vyake, akaacha kupiga mluzi. Skuta ile ilikuwa imelala gereji usiku kucha, kufuli mlangoni, ufunguo wa injini umening'inia msumarini, na chuma kilicholala hakina sababu ya kumuunguza mtu asubuhi.

"Bado imekugomea?" Mirella, binti yake, aliuliza kutoka mlangoni, kikombe cha kahawa mkononi.

"Haijagoma. Inaringa tu."

"Fundi mzima, watu wanakuletea vyuma vilivyokufa unavifufua, halafu mkweche wa babu mmoja unakutoa jasho. Mimi nitatembea kwa miguu mpaka kiwandani hadi lini?"

Oronzo alicheka. Walibaki wawili tu katika nyumba ile tangu mama mtu afariki, na utani ndio uliowashikilia. Skuta aliinunua kwa ajili yake, aende nayo kwenye kiwanda cha jibini nje ya mji. Ilikuwa ya mzee Pompilio, aliyezikwa juzijuzi tu, na aliyeiuza ni dada yake, Bi Cesira.

Asubuhi ile akaishughulikia kama inavyotakiwa. Alitia plagi mpya. Alimwaga petroli yote, akachanganya nyingine na oili kwa kipimo chake. Akafungua kabureta, akapuliza kila kitundu mpaka mashavu yakamuuma. Akaishikilia plagi karibu na chuma cha injini, akapiga kiki, akaona cheche ya buluu, nzima kabisa. Petroli ipo, hewa ipo, cheche ipo. Akapiga kiki tena na tena, na skuta ikanyamaza kimya.

"Hebu kaa huku nyuma," akamwambia Mirella. "Inayumba kwenye stendi, inaninyima nguvu."

Mirella akapanda siti ya nyuma. Oronzo alikuwa ndiyo kwanza anagusa kiki, injini ikawaka, laini, tamu kusikiliza. Mirella akashuka, ikazima. Akapanda, ikawaka. Wakacheka sana baba na mwana. Oronzo akabeba mfuko wa saruji akauweka mahali pa binti yake, akapiga kiki mpaka goti likalegea. Hakuna kitu.

"Inapenda wasichana," alisema Mirella.

Oronzo safari hii hakucheka, maana moshi uliobaki gerejini haukunuka oili. Ulinuka kafuri na sabuni ya kunyolea, harufu ya chumba cha mgonjwa.

Mirella akaanza kupungua. Alisinzia mezani na kipande cha mkate mkononi. Kiwandani wakamrudisha nyumbani kwa kuogopa asije akaanguka kwenye sufuria la maziwa. Ukimshika mikono ilikuwa baridi, na huo ni mwezi wa Agosti, jua linapasua mawe. Daktari akasema apumzike. Oronzo hakuwa mtu wa kuomba, lakini wiki hiyo aliomba. Mtoto mwenyewe alikuwa mmoja tu, na alikuwa anamwona akiyeyuka.

Kuna saa ya mchana, baada ya chakula, mji mzima unapofunga madirisha na kulala. Oronzo na wenzake walipokuwa watoto, mama zao waliwakataza kukanyaga nje saa ile, kwa kuwa njia si ya watu tena, ni ya wale wengine. Oronzo alikuwa amejilaza, macho kwenye dari, aliposikia injini chini.

Akashuka ngazi pekupeku, akijiambia kwamba ni skuta ya jirani, akijua kabisa hakuna jirani anayewasha chombo saa ile, na kadiri alivyoshuka ndivyo harufu ya kafuri ilivyomjaa kooni, hata akafika chini ameziba pua kwa mkono, akasukuma mlango wa gereji, na pale, katika giza lile la mchana lililochanwa na mistari ya jua, akamwona binti yake amekaa siti ya nyuma na gauni la kulalia, macho yamefumba, mikono imezungushwa mbele kukumbatia kiuno ambacho hakikuwepo, shavu limelazwa juu ya mgongo ambao haukuwepo, na nywele zake zinapeperuka nyuma kama za mtu aliye mwendo kasi barabarani, ilhali skuta imesimama kwenye stendi na ufunguo uko msumarini.

Alimvuta. Mikono haikuachia. Ikabidi afungue kidole kimoja kimoja, na alipompata kifuani mwake Mirella akafumbua macho, akamtazama kwa huzuni.

"Baba, kwa nini umetushusha? Tulibakiza kona moja tu."

Jioni hiyo hiyo alimwita Shangazi Uccia, anayeondoa husuda kwa sahani ya maji na mafuta ya zeituni. Bibi yule alidondosha mafuta majini juu ya kichwa cha Mirella, midomo ikinong'ona. Mafuta hayakuelea. Yalizama mpaka chini ya sahani, yakatulia pale kama yai.

"Huyu hajarogwa," Shangazi Uccia alisema kwa sauti ya chini. "Huyu kachumbiwa. Skuta hiyo uliiwasha wapi mara ya kwanza?"

"Uani kwa Bi Cesira."

"Lini?"

Oronzo akainamisha kichwa. "Kesho yake baada ya mazishi. Majirani walikuwa bado wanaleta vyakula."

"Walikuwa wanaleta kwa nini, Oronzo? Si kwa sababu nyumba yenye msiba haiwashwi moto mpaka roho ya marehemu iondoke? Jiko limezimwa, mshumaa umezimwa, supu inatoka kwa jirani, na wewe unaingia na mguu wako."

"Nilitaka kuisikia injini tu, shangazi. Sikufikiria kama ni moto."

"Cheche ni nini, fundi?"

Oronzo akasimulia lile la siti ya nyuma, na Shangazi Uccia akatikisa kichwa taratibu. Mzee Pompilio, alisema, hakuwahi kuendesha bila mkewe nyuma. Mke alipokufa, hakuigusa tena skuta. Sasa kapata moto wa kusafiria, kabakiza kupata abiria.

"Mrudishe mzee kwake, saa ile ile ya mchana, uani pale pale. Moto ufie mahali ulipowashwa, petroli iishe yenyewe. Nyuma ukae wewe uliyewasha. Usiguse usukani. Na usimshike kiuno, Oronzo, hata ukiogopa. Ukimshika, umekubali safari."

Kesho yake wakamwacha Mirella amelala, chumvi kizingitini, dirisha limefungwa. Oronzo akaikokota skuta juani mpaka kwa Bi Cesira, na kwenye tangi alikuwa ameacha petroli ya kikombe tu. Bi Cesira akafungua geti, akajifunika uso kwa shela, akaingia ndani. Shangazi Uccia akabaki getini.

Oronzo akakaa siti ya nyuma. Injini ikawaka bila mtu kugusa kiki.

Akakaa, mikono magotini, akisikiliza kama fundi anavyosikiliza, akingoja ile kwikwi ya injini inayokosa mafuta, na kweli ikaja, ikakohoa, ikalegea, naye akaanza kupumua, kisha mbele yake kukawa na joto la mwili na harufu ya sabuni ya kunyolea, injini ikajikusanya, ikanguruma kwa utulivu kuliko siku zote, na alipoinama kuchungulia bomba la petroli akaona limekauka kabisa, halina hata tone.

"Shuka," Shangazi Uccia alinong'ona, amekishika kifua chake. "Haizimiki. Shuka, ukimbie."

Stendi ikajikunja yenyewe. Oronzo akainua mguu mmoja.

"Shuka tu," ikasema sauti mbele yake, sauti ya mzee mstaarabu, iliyochoka. "Nitampitia yeye."

Oronzo akaurudisha mguu. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, ikakutana na sufu ya sweta, na chini ya sufu, mbavu. Akazishika.

Wakatoka getini. Shangazi Uccia akampigia ishara ya msalaba. Mwisho wa mtaa barabara inagawanyika: kushoto ni kwa Oronzo, kulia ni kwenye machimbo ya zamani ya mawe, ambako hakuna anayeishi. Usukani ukaanza kuelekea kushoto. Oronzo alikuwa amewagombeza wateja wangapi, kwamba mwambie mkeo asiegemee ovyo, abiria anaweza kukupeleka usikotaka wewe. Akauegemeza mwili wake kulia, wote, mpaka goti likakaribia lami.

Skuta ikasita, kisha ikamfuata.

Nyuma yao madirisha yote ya mtaa yalikuwa yamefungwa, na la chumba cha Mirella lilibaki limefungwa vilevile. Mkono wa baridi ukaja juu ya vidole vyake, ukavipapasa polepole, kama mume anayemtuliza mke mwoga. Halafu wakaongeza mwendo.