Anayebaki Nyuma Anakaa Chini

Emanikor alikuwa mtu wa kuchoka. Alilala na uchovu, akaamka nao. Alfajiri alichota maji kwenye mfereji wa ploti yao, pale mtaa wa Bulla Pesa, kabla foleni haijawa ndefu. Halafu aliwasha jiko, akamwosha binti yake Sharon uso, akambembeleza avae sketi. Akishamfikisha chekechea, kazi ilikuwa kufua nguo za watu mpaka vidole vikunjamane.

Chekechea ilikuwa darasa moja lililojengwa na kaunti. Mwalimu alikuwa mmoja, Mwalimu Karimi, na watoto walijaa mpaka mlangoni. Kwa hiyo wazazi walikubaliana. Watoto wakishakunywa uji, mama mmoja awachezeshe uwanjani, mwalimu apate kutayarisha kazi ya darasani.

Lakini kina mama wengi walikuwa sokoni. Zamu zikawa zinamwangukia Emanikor.

"Mama Sharon, si wewe unafua hapo karibu tu," walimwambia.

"Kuwa karibu sio kwamba nimekaa bure," alijibu. Lakini alienda.

Hakuna aliyemwonyesha watoto wadogo wanachezeshwa vipi. Basi akafanya alichokijua. Yeye alikulia kijijini Leparua, akichunga mbuzi. Jioni wachungaji wadogo walishindana kukimbia hadi nyumbani. Wa mwisho alichekwa, akaitwa mbuzi kilema, akakalishwa kando wenzake wakiendelea kucheza.

Emanikor alisimama kwenye kivuli kidogo cha ukuta, akapiga makofi.

"Haya. Mpaka kwenye ua wa miiba na kurudi. Anayebaki nyuma anakaa chini."

Watoto walikimbia, uji ukiwacheza tumboni. Wa mwisho akakaa chini, juani. Wakakimbia tena, mwingine akakaa. Mwishowe walibaki wavulana wawili wakubwa, Ewoi na Lochoro. Wengine wote walikuwa wamekaa vumbini, wakirushiana vijiwe. Emanikor akapumzisha mgongo. Mchezo huo ulimfaa sana. Haukutaka kazi nyingi.

Wa kwanza kukaa, kila mara, alikuwa Sharon wake. Alikuwa mtoto mnene kidogo, wa miguu mifupi.

"Mbuzi kilema, mbuzi kilema," wavulana waliimba.

Emanikor alicheka pamoja nao. Aliona mtoto atajikaza.

Sharon hakujikaza. Alianza kuumwa na tumbo kila asubuhi. Mama yake alimpeleka zahanati, akapewa dawa ya minyoo. Jumamosi tumbo halikuuma. Jumapili pia halikuuma. Jumatatu, kabla hata ya kuvaa sketi, likauma.

"Huyu ananichezea akili," Emanikor alisema. Alimshika mkono, akamvuta mpaka shuleni.

Siku hiyo tena zamu ilikuwa yake. Jua lilikuwa kali. Sharon alikaa chini wa kwanza, kama kawaida. Kule kwenye ua wa miiba Ewoi na Lochoro walianza kusukumana, na Emanikor akaenda kuwaachanisha. Aliporudi, pale alipokaa Sharon hapakuwa na mtu.

Aliita. Akaangalia chooni. Akaangalia darasani. Mwalimu Karimi akatoka mbio na chaki mkononi.

"Lango," mwalimu alisema.

Lango lilifungwa kwa kamba, na kamba ilikuwa imelegea. Mtoto angeweza kupita. Njia ya pale iliteremka moja kwa moja hadi barabara ya Moyale, na malori ya ng'ombe hayapunguzi mwendo pale.

Emanikor alikimbia. Ndala moja ilikatika, akaiacha.

Kando ya barabara alimkuta Luul, mama Msomali anayeuza maziwa ya ngamia. Alikuwa amemshika Sharon kwa kola.

"Ni wako huyu?" Luul aliuliza. "Nimemvuta, lori likapita hapa, hapa kwenye buibui yangu. Na dereva akanitukana mimi, eti sijui kuchunga mtoto."

Emanikor aliketi kati ya madumu ya maziwa.

"Sharon, ulikuwa unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa nini?"

"Si nimetolewa? Umesema nikae. Nimekaa, nimechoka."

Luul alimtazama Emanikor. "Kwani shuleni mnawafundisha kukaa? Mwanangu Khadar anakaa hata nyumbani, bure, bila yunifomu."

Mchana, watoto walipotoka, Emanikor na Mwalimu Karimi waliketi kwenye viti vidogo vya watoto.

"Nilikukabidhi watoto kama mtu anayetua mzigo," mwalimu alisema. "Sikukupa mpango wowote."

"Mimi nilidhani mchezo ni mchezo tu, Mwalimu."

"Kwa umri huu, mchezo ni somo. Unapangwa kama hesabu. Hebu niambie, leo nani alikimbia zaidi?"

"Ewoi na Lochoro."

"Na nani anahitaji zaidi kuzoeza mwili?"

Emanikor aliwahesabu watoto kwa vidole. Kisha akasema polepole, "Sharon."

"Yeye ndiye tunamkalisha. Halafu anayekalishwa hana wa kumwangalia. Macho yetu yako kwa wanaokimbia."

"Hata mbuzi," Emanikor alisema, "nilikuwa natembea nyuma yao, niwaone wote."

Mwalimu alimweleza. Mchezo uje kabla ya uji, jua likiwa bado pole, na maji ya kunywa yawe karibu. Kwanza miili ipashwe moto kwa mambo mepesi, kama kutembea na kunyoosha mikono. Kisha mchezo mmoja, ambao kila mtoto anafanya kitu. Akikosa, anajaribu tena, hatolewi. Usiwe mrefu, maana mtoto wa chekechea huchoka upesi. Mwisho watembee taratibu mpaka pumzi zitulie, wahesabiwe, ndipo waingie darasani. Na lango lifungwe kwa kufuli.

"Na mimi nitapumzika saa ngapi?" Emanikor aliuliza.

Mwalimu Karimi alicheka, kicheko cha mtu ambaye pia hajalala vizuri. "Kupumzika, bado. Lakini nitaita wazazi, zamu zigawanywe. Usibebe peke yako."

Wazazi waliitwa. Walinung'unika, lakini walisikia habari ya lori, wakakubali. Luul, ingawa mwanawe hakusoma pale, alikuwa wa kwanza kuja kusaidia. Aliwakuta watoto kwenye mchezo mpya, wakitembea kama ngamia, kila mmoja anavyojua.

"Huyo ni ngamia wa wapi?" aliuliza. "Ngamia anapeleka miguu ya upande mmoja pamoja. Ya kushoto, halafu ya kulia. Na ana miguu minne. Shikaneni wawili wawili."

Mwalimu akaupenda mchezo huo. Mtoto mmoja akawa mbele, mwingine nyuma, mikono mabegani. Sharon aliwekwa na Lochoro. Lochoro akaondoka mbio, ngamia mzima akaanguka.

"Polepole," Sharon alimwambia. "Kushoto kwanza. Wewe hujui kushoto?"

"Najua."

"Basi onyesha."

Wakajaribu tena na tena. Kufikia mwisho wa wiki ngamia wao alifika kwenye ua wa miiba na kurudi bila kuanguka, Lochoro akifuata hatua za Sharon. Hakuna aliyeimba mbuzi kilema. Wote walikuwa na kazi ya miguu yao.

Wewe unayeachiwa watoto wa watu, na wako akiwa kati yao, usimtazame tu anayeshinda. Panga mchezo kabla hujapiga makofi. Emanikor aliokolewa na mama wa maziwa. Si kila barabara ina Luul.

Tumbo la Sharon liliacha kuuma. Uchovu wa Emanikor haukuisha, nguo za watu bado zilikuwepo. Lakini jioni moja, giza halijaingia, alipakua ugali na sukuma wiki, akageuka kutafuta chumvi. Alipogeuka tena, Sharon alikuwa amelala ameketi, amechoka kwa kucheza, tonge bado mkononi. Emanikor alilitoa taratibu, akamlaza. Kisha tonge akalila yeye.