Gauni la Kijani Lililotangulia Mtandaoni

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia dukani kwa mama yake, fundi cherehani. Aliokota pini sakafuni kwa sumaku, akapanga vifungo kwa rangi zake, akapiga pasi mapindo. Jina la Chiriku alipewa na mama huyo huyo, maana tangu mtoto aanze kusema, hajapumzika.

Siku hizi alikuwa na kazi nyingine aliyoipenda kuliko zote: kutunza ukurasa wa duka mtandaoni. Alimbembeleza mama mpaka mama akasalimu amri, ila kwa sharti.

"Nguo ya mteja haionyeshwi mpaka mwenyewe aivae, na mwenyewe aseme ndiyo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Basi angeweka nini? Aliweka picha za vifungo. Akaweka cherehani. Siku nyingine akaweka paka wa jirani aliyelala juu ya vitambaa. Wafuasi wenyewe walikuwa ndugu watupu, akiwemo shangazi mmoja aliyeandika "Hongera sana" hata kwa yule paka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi aliyepiga picha kila aliyeingia, hata kama shati lake lilikuwa na mkono mmoja tu. Wafuasi wake walijaa kama siafu.

"Mama, tutakufa njaa na heshima zetu!" Chiriku alilalamika.

"Heshima haijawahi kumuua mtu. Nipe uzi."

Siku moja aliingia mwashi, mtu wa miraba minne, vumbi la saruji limempanda mpaka kwenye kope. Alitazama nyuma kama mwizi wa kuku, kisha akachomoa gauni kuukuu kwenye mfuko.

"Fundi, chukua vipimo kwa hili, nilirudishe kabatini kabla mke wangu hajalitafuta. Anamaliza masomo ya ukunga. Amesoma huku analea watoto, usingizi hajui rangi yake. Nataka siku ya mahafali avae kitu kipya. Anapenda kijani. Na mifuko! Kila siku ananiuliza kwa nini nguo za wanawake hazina mifuko. Lakini tafadhali, asijue mtu."

"Siri yako nimeizika, kaka," mama alisema, akafungua futi yake.

Gauni lilipokamilika, wee! Mama alilivalisha sanamu la dukani, likakaa kama limezaliwa hapo. Kisha akaenda kununua zipu, akamwachia Chiriku duka. Na simu.

Chiriku alilizunguka gauni. Akajiambia, sura ya mtu haipo, jina la mtu halipo, sasa ubaya uko wapi? Akachukua video, mkono wake ukiingia na kutoka mfukoni kwa madaha. Akaandika: "Mume amemshonea mkewe kwa siri!" Akairusha.

Mioyo ilimiminika kama mvua. Watu asiowajua waliandika maoni, wakawatumia wenzao. Chiriku alilala akitabasamu, asimwambie mama neno.

Kesho yake alipofika dukani aliwakuta wanawake watatu wakizungumza kwa pamoja. "Tunataka kama hili hili!"

"Mmeliona wapi?" mama aliuliza, huku gauni lenyewe limefunikwa shuka.

Wakamwonyesha simu. Mama akageuka, akamtazama binti yake. Chiriku akainama kuokota pini ambayo haikuwepo.

"Samahanini," mama aliwaambia wale wanawake. "Gauni hili lina mwenyewe, na bado hajalivaa. Mkitaka mtindo mwingine, nitawashonea. Kama hili hili, subirini."

"Biashara gani ya kufukuza wateja?" mmoja alifoka. Wakatoka wote watatu, moja kwa moja ng'ambo ya barabara.

"Futa," mama alisema kwa upole, na upole ule uliuma kuliko kofi. Chiriku akafuta, mioyo yote ile ikapotea. "Na mwashi utamwambia wewe mwenyewe."

Kabla hawajatoka, mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanamke mwenye mkoba wa vitabu, na mwilini amevaa lile lile gauni kuukuu walilopimia! Mama na mwana wakatazamana. Ni yeye, mke wa mwashi.

"Shikamoo, mama," Chiriku alisema kwa sauti ya mbu.

"Marahaba, mwanangu. Fundi, wenzangu chuoni wamenionyesha gauni la kijani. Lina mifuko! Nina mahafali Ijumaa. Nishonee kama lile, nakuomba."

Mama alikohoa. "Lile lina mwenyewe, dada. Mpaka alivae, sishoni jingine kama lile."

"Hata nikiongeza pesa?"

"Hata ukiongeza."

Mwanamke akashusha pumzi. "Mwanamke huyo ana bahati! Wangu mimi hata nikivaa gunia atasema nimependeza. Sidhani kama anajua ninapenda rangi gani. Basi, nitavaa hili hili." Akatoka, mabega yameshuka.

Ulimi ulimwasha Chiriku mpaka akauma mdomo. Neno moja tu lingemfurahisha mwanamke yule, na neno hilo hilo lingemnyang'anya mumewe furaha yake. Machozi yakamtoka. "Amehuzunika kwa sababu yangu."

"Twende kwa mwashi," mama alisema.

Walimkuta juu ya ukuta. Chiriku alieleza yote bila kujitetea. Mwashi akaweka mwiko chini, uso ukamsawijika.

"Ameliona?"

"Ameliona, mjomba. Ila hajui kama ni lake. Amesema... amesema wewe hujui anapenda rangi gani."

Mwashi alishika kiuno. Kisha kicheko kikaanzia tumboni kikapanda mpaka kofia ikamdondoka. "Mimi? Sijui? Ngoja Ijumaa ifike!" Halafu akakunja uso. "Lakini binti, umenichezea pabaya. Siri ile ilikuwa yangu, nami niliwaamini."

"Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe. Sasa ifunge hiyo midomo miwili, wa kwako na wa simu."

Ijumaa jioni mlango wa duka ulisukumwa kwa kishindo. Mkunga mpya aliingia amevaa gauni la kijani, mikono yote mifukoni, mumewe nyuma akitabasamu kama bwana harusi.

"Kumbe mwanamke mwenye bahati ni mimi!" Alimkumbatia fundi mpaka futi ikaanguka shingoni. "Na wewe ulinitazama machoni ukanyamaza!"

"Nilikwambia lina mwenyewe, dada. Sikudanganya."

"Wenzangu wote nitawaleta hapa. Sisi wakunga tunajua thamani ya mtu anayetunza siri. Wewe binti, nipige picha!"

Chiriku alishika simu, akasita, akamgeukia mkunga. "Naweza kuiweka mtandaoni, mama?"

"Weka! Na mifuko ionekane!"

Wageni walipoondoka, mama alimvuta binti yake karibu.

"Mwanangu, sikatai ukurasa. Kutangaza kazi yetu ni haki yetu, na mkono wako ni mzuri. Lakini watu wa mtandaoni kesho watasahau gauni hili watake jingine. Yule mkunga hatasahau. Ukurasa ni dirisha la duka letu, usiufanye dirisha la nyumba za wateja. Mtu akikuletea nguo yake, amekuletea na maisha yake. Uliza kwanza, na akikataa, heshimu."

"Nimeelewa, mama." Chiriku alifikiri kidogo. "Mama, umecheka leo mpaka umependeza. Naomba nikupige picha niiweke ukurasani. Unakubali?"

Mama aliweka mkasi chini. Akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa, akakaa wima kwenye cherehani.

"Kwa kuwa umeuliza," alisema, "piga."