Bahati Avimba Tumbo

Kila Jumamosi, kabla ya chai, Anande alikata majani ya ng'ombe wao, Bahati, nyuma ya nyumba yao kule Nduruma. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha, na lusini, majani laini ya jamii ya kunde aliyokuwa amekata, yote ililoa chapachapa. Kazi aliijua vizuri: lusini mbichi huanikwa kwanza inyauke, ndipo ng'ombe apewe, la sivyo humjaza gesi tumboni.

Lakini mfukoni alikuwa na simu ya mama, na tamthilia ilikuwa imefika patamu! "Kwani mara moja tu itamfanya nini?" alijisemea. Akamwaga majani yote horini, akaketi juu ya ndoo, akazama kwenye simu. Mama alimwita kutoka jikoni. "Nakuja!" alijibu, wala hakuinuka.

Alipokuja kuinua macho, Bahati alikuwa amevimba ubavu wa kushoto, anahema kwa shida, ulimi nje.

"Baba! Mama! Njooni!"

Baba alifika mbio. Aligonga ubavu kwa kiganja, ukalia kama ngoma. "Amekula nini huyu? Sema haraka!"

Anande aliinamisha macho. Nyumba nzima ilitegemea maziwa ya Bahati. "Nimempa... majani makavu."

"Makavu? Anande, niangalie. Nikimpa dawa isiyo yake, atakufa hapa hapa."

Anande akaangua kilio. "Ni lusini mbichi, baba! Sikuianika. Nilikuwa naangalia tamthilia."

"Mama Anande, lete mafuta ya kupikia!" baba alipaza sauti. Akamnywesha Bahati taratibu kwa chupa, kisha wakamtembeza uani. Bahati akayumba, akapiga magoti. Jamani! Mama alianza kuomba kwa sauti. Wakamsukuma wote watatu, akainuka, wakaendelea kumzungusha. Hatimaye akatoa mbweu kubwa, na ubavu ukaanza kushuka.

"Asante Yesu!" mama alisema, akakaa chini palepale kwenye tope.

Anande alimrudishia mama simu yake. "Msinipe tena."

"Tutakupa," baba alisema. "Ila si wakati wa kazi, wala wa kula, wala wa kulala. Na sheria hiyo ni yetu sote. Jioni unapoomba nikusaidie hesabu, mimi nakujibu 'ngoja', kumbe natazama mpira." Akatoa simu yake, akamkabidhi mama. "Leo umesema kweli, ndiyo maana Bahati yu hai. Tamthilia unaweza kuisimamisha ikakungoja, mwanangu. Ng'ombe hawezi kungoja, wala mtoto anayemwita baba yake."