Gari Iliyochemka Ikienda Polepole

Linet alinikataza kusema haya, kwa hivyo na wewe usimwambie mtu.

Alikuwa ametoka Nyamira kumchukua mamake hospitalini Kisii. Gari yake ikikimbia ilikuwa sawa, lakini ikienda polepole inachemka. Akaogopa itamzimikia njiani akiwa na mgonjwa, akaiingiza kwa fundi Duke, jirani na hospitali. Mamake akapiga simu: "Linet, nimekaa hapa langoni peke yangu. Kuja haraka."

Wingu la mvua lilikuwa limefunika mji na stima imepotea. Banda la Duke lilikuwa giza mchana.

"Ukikimbia, upepo unapoza maji ya injini kwenye rejeta," Duke akamwambia. "Polepole, kazi yote ni ya feni."

Akaacha injini ikinguruma, wakasikiliza. Feni ilizunguka vizuri, vuu, vuu. Maji yalikuwa yamejaa. Duke akamulika nyuma kwa simu, akacheka.

"Madam, umebeba mawe ya kuchonga ya Tabaka? Ona vile gari imelala nyuma! Mzigo huu ndio unachemsha injini."

"Mawe gani? Hata kikapu sina."

Wakachungulia ndani. Viti vilikuwa vitupu. Hapo springi zikalia kwiii, na gari ikainuka nyuma taratibu, vile gari huinuka mtu mnene akishuka. Mlango haukufunguka. Mshale wa joto kwenye dashibodi ukateremka wenyewe, na feni ikanyamaza.

Ndipo wakasikia nyayo nzito kwenye kokoto, mtu haonekani, zikitoka bandani na kuelekea lango la hospitali.